Diaframu mpya kwa vali ya zamani: tathmini ya kipuri cha Hunter PGV

Bidhaa ninayoitathmini hapa ni kipande cha mpira cha mviringo, kinachoenea kiganjani, ambacho hukaa ndani ya vali ya umeme inayofungua na kufunga maji ya vinyunyizio vya nyasi. Mafundi hukiita diaframu, na hiki nilichokifunga ni kile halisi cha kampuni ya Hunter kwa ajili ya vali yake ya inchi moja ya aina ya PGV. Nilikinunua katika duka la vifaa vya umwagiliaji hapa eneo la Dallas, Texas, kwa bei isiyofika dola 15, na hukumu yangu juu yake ni njema: kimekomesha kabisa uvujaji wa vali ya zamani, bila kukata bomba na bila kuchimba chochote zaidi ya tope lililokuwa limejaa ndani ya boksi la vali. Naandika kwa urefu kwa sababu wasemaji wengi wa Kiswahili tunaoishi Marekani tumenunua au kupanga nyumba zenye mifumo hii chini ya nyasi, mifumo ambayo wengi wetu hatukukulia nayo, na mtu anapoona maji yanachuruzika ilhali taima, yaani saa ya umeme inayoongoza vinyunyizio, imezima, ushauri wa kwanza anaopewa ni kuita kampuni ije ing'oe vali yote.

Vali yangu niliikuta ardhini nilipohamia katika nyumba hii, na kwa hali ya boksi lake ilikuwa imeshafanya kazi kwa miaka mingi. Kwa hiyo siulaumu mpira wake kwa kuchoka. Mpira unaokaa ndani ya maji yenye klorini, ukikunjwa na kukunjuliwa kila nyasi zinaponyweshwa, katika udongo unaoshika joto kali la kiangazi cha Texas, lazima siku moja ugumae. Kilichonisikitisha ni makadirio niliyopewa na kampuni moja ya matengenezo: zaidi ya dola 200 kwa kubadilisha vali nzima, na aliyekuja kukadiria hakufungua hata kifuniko chake kuona kilichoharibika. Pengine kwao ni biashara yenye hesabu zake, lakini kwa mwenye nyumba ni fedha nyingi kwa tatizo ambalo mara nyingi limo katika kipande kimoja tu.

Ili mtu aelewe kwa nini kipande hicho kimoja kinatosha, inafaa ajue vali yenyewe inafanyaje kazi. Maji ya mji huingia upande mmoja na kuisukuma diaframu kutoka chini. Wakati huohuo, maji kidogo hupenya katika tundu dogo sana na kuingia kwenye chumba kilicho juu ya mpira, chini ya kifuniko, mpaka presha ya juu ilingane na ya chini. Kwa kuwa maji ya juu yanaukandamiza mpira katika eneo lake lote, ilhali yale ya chini yanasukuma sehemu tu ya eneo hilo, nguvu ya juu hushinda, nayo springi ndogo huongezea, na mpira hubanwa juu ya kikalio chake, yaani ukingo wa duara wa njia ya maji katikati ya vali, mpaka maji yasimame. Taima inapotuma umeme wa volti 24, solenoidi, yaani koili ya sumaku ya umeme iliyofungwa kwenye vali, huvuta kichuma chake juu na kufungua njia nyingine nyembamba, ambayo huyaachia maji ya chumba cha juu yaende upande wa vinyunyizio. Hapo presha ya juu hushuka, maji ya chini yanauinua mpira, na kanda ya nyasi inayohudumiwa na vali hiyo hunyweshwa. Umeme ukikatwa, kichuma hurudi chini, njia huzibwa, chumba cha juu hujaa tena na vali hujifunga.

Jambo la kuzingatia katika maelezo haya ni kwamba umeme haufungi maji; maji ndiyo yanayojifunga yenyewe kwa presha yake. Ndiyo maana chembe moja ya mchanga iliyokwama kati ya mpira na kikalio, au tundu lile dogo likizibwa na chokaa, au ufa mdogo katika mpira, hutosha kuifanya vali ivuje usiku na mchana hata kama waya, taima na solenoidi ni vizima. Na ndiyo maana pia kubadilisha solenoidi, jambo ambalo wengi hulikimbilia kwa sababu ni rahisi kuifungua na kuifunga kwa mkono, mara nyingi hakubadilishi lolote.

Kabla ya kununua diaframu hii, basi, hakikisha kwamba ni diaframu unayoihitaji. Maji yanayotoka kwenye kinyunyizio kilicho chini kuliko vingine, kisha yakakoma baada ya muda, kwa kawaida si uvujaji wa vali: ni maji yaliyobaki ndani ya bomba yakishuka kwa mteremko, na dawa yake ni vinyunyizio vyenye kizuizi cha ndani kinachoyashikilia maji hayo. Uvujaji wa vali haukomi. Ukiamka alfajiri na kukuta ukoka unaozunguka kinyunyizio kilekile umelowa, ingawa kanda hiyo haikunyweshwa tangu juzi, hapo ndipo uanze kuishuku vali. Hatua inayofuata ni kuchomoa taima kwenye umeme. Maji yakikoma, tatizo liko kwenye taima au waya zinazopeleka umeme pasipotakiwa. Yakiendelea, tatizo limo ndani ya vali. Mwisho, kagua kama solenoidi imekazwa vizuri kwa mkono na kama skrubu ya kufungulia maji kwa mkono, iliyopo juu ya kifuniko, imefungwa hadi mwisho, kwa kuwa mtoto akiigusa kidogo tu, au fundi wa nyasi akiiacha nusu, vali itavuja kama iliyoharibika.

Kuna kipimo kingine ambacho nakipenda kwa sababu hakihitaji kifaa chochote. Mita nyingi za maji za hapa zina alama ndogo, ya pembetatu au ya nyota, inayozunguka maji yanapopita hata kwa kiasi kidogo. Funga kila bomba ndani ya nyumba, uitazame alama hiyo. Ikizunguka, nenda ukafunge koki kuu ya mfumo wa umwagiliaji peke yake, kisha urudi kuitazama tena. Ikisimama, umeshajua uvujaji uko upande gani.

Si jambo dogo la kupuuzwa. Mpango wa WaterSense wa shirika la serikali ya Marekani linalosimamia mazingira, EPA, unaeleza kwamba tundu lenye upana wa sehemu moja ya 32 ya inchi, yaani chini ya milimita moja, katika mfumo wa umwagiliaji linaweza kupoteza takriban galoni 6,300 kwa mwezi, ambazo ni karibu lita 24,000. Katika jiji la Dallas, zaidi ya hayo, unyunyiziaji kwa mifumo hii umewekewa mpaka wa mara mbili kwa wiki, na kuanzia tarehe 1 Aprili hadi 31 Oktoba hauruhusiwi kati ya saa nne asubuhi na saa kumi na mbili jioni. Maji yanayotiririka kutoka uani hadi barabarani nayo ni kosa. Vali inayovuja haijui siku wala saa, kwa hiyo inamweka mwenye nyumba upande mbaya wa kanuni hata kama taima yake ameipanga kwa uangalifu.

Kuhusu uhalali wa kufanya kazi hii mwenyewe, Texas inamtaka mtu anayelipwa kufunga au kukarabati mifumo ya umwagiliaji awe na leseni ya tume ya mazingira ya jimbo, TCEQ, lakini mwenye nyumba anaruhusiwa kufanya kazi katika kiwanja chake mwenyewe. Kitu ambacho hakipaswi kuondolewa wala kuchezewa ni kizuizi cha maji kurudi nyuma, kile kifaa kinachokaa kati ya mabomba ya kunywa na mabomba ya bustani ili maji yenye mbolea na dawa za wadudu yasirudi kwenye maji ya nyumba. Katika nyumba nyingi za eneo hili kimo ndani ya boksi lake ardhini, karibu na mita, kikiwa na koki mbili za kuzungusha robo mzunguko. Mkono wa koki ukikingama juu ya bomba, maji yamefungwa.

Baada ya kufunga maji, legeza ile skrubu ya kufungulia kwa mkono ili presha iliyobaki itoke. Kisha andaa subira kwa ajili ya boksi la vali, kwa maana hapo ndipo kazi ilipo. Hapa Texas maboksi haya hupendwa na wale sisimizi wekundu wanaouma kwa uchungu mkali, pamoja na buibui weusi wenye alama nyekundu tumboni, ambao sumu yao si ya kufanyiwa mzaha. Inua kifuniko cha boksi kwa bisibisi ndefu, si kwa vidole, na uvae glavu. Tope lichotwe kwa kopo mpaka vali ionekane kuanzia chini ya ukingo wa kifuniko chake, kwa sababu ukifungua vali ilhali tope liko juu ya ukingo huo, tope litaingia ndani na ukarabati wote utakuwa wa bure.

PGV ya inchi moja niliyo nayo hufungwa kwa skrubu nne ambazo vichwa vyake vimetengenezwa vikubali bisibisi ya nyota, bisibisi bapa na hata spana ya boksi. Tena skrubu hizo hubaki kwenye kifuniko zinapolegea, hazidondoki matopeni. Huu ni usanifu wa mtu aliyewahi kupiga magoti kando ya boksi la vali, na unastahili kusifiwa. Kabla ya kukiinua kifuniko, piga picha kwa simu ili ukumbuke waya zinaelekea wapi na kifuniko kimegeukia upande gani. Kisha kiinue taratibu ukiizuia springi isiruke.

Diaframu ya zamani ilijieleza yenyewe nilipoishika. Upande wa chini kulikuwa na mfereji wa duara uliochimbwa na kikalio kwa miaka ya kukandamizwa mahali palepale, na katika mfereji huo punje mbili tatu za mchanga zilikuwa zimezama ndani ya mpira kiasi kwamba kucha haikuzing'oa. Nilipoukunja ukingo wake, nyufa nyembamba zilifunguka, nyingi zikiwa upande wa karibu na njia ya kuingilia maji. Mpira mpya hukunjika na kurudi mara moja. Huu ulikunjika kwa ukaidi na kubaki na umbo la kidole changu.

Kabla ya kuweka kipuri kipya, kuna kazi ya usafi ambayo wengi huiruka, nami naiona kuwa nusu ya ukarabati. Pitisha ncha ya kidole kwenye kikalio cha plastiki kilicho katikati ya vali. Kama ni laini pande zote, una bahati. Kama kuna pengo au mkwaruzo unaosikika kidoleni, hakuna diaframu itakayoziba, na hapo ndipo vali nzima inapaswa kubadilishwa. Safisha kikalio na mfereji wa ukingoni kwa mswaki wa zamani na maji safi. Kama kuna utando mweupe wa chokaa, loweka kifuniko katika siki kwa muda, kisha ukisuuze, lakini usitumie msasa wala kisu. Vijitundu vya kifuniko vipulizwe kwa mdomo au vipitishwe uzi wa plastiki wa kufyekea majani. Sindano ya chuma hupanua tundu, na tundu lililopanuka hubadilisha mwendo wa vali. Mwisho, vali ikiwa bado wazi, mtu mwingine afungue koki kuu kidogo sana kwa nukta chache ili mchanga ulio ndani ya bomba utoke, kisha aifunge tena, nawe uchote maji yote boksini.

Diaframu halisi ya Hunter ilikaa mahali pake bila kusukumwa wala kubembelezwa. Ukingo wake una nundu zinazoingia katika mfereji wa mwili wa vali, na zinapoingia sawasawa unahisi mpira umetulia, hauzunguki tena. Katikati kuna kipande kigumu cha kuutegemeza mpira, ili usipasuke kwa kunyumbuka mahali pamoja. Tundu la kupitishia maji ni safi, halina utando wala mabaki ya kiwandani. Sikupaka grisi, na sishauri mtu apake grisi ya kawaida ya magari, kwa kuwa mafuta ya petroli huvimbisha aina nyingi za mpira. Kama oringi ya solenoidi, ile pete yake ya mpira ya kuzuia maji, inahitaji kulainishwa, grisi ya silikoni kidogo inatosha.

Kwa ajili ya kulinganisha, niliagiza pia mtandaoni diaframu ya bei ya chini zaidi, isiyo na jina la kiwanda, iliyotangazwa kuwa inaingia katika vali hii. Kwa macho zinafanana. Ukizishika mkono kwa mkono, hata hivyo, ile isiyo na jina ni nyembamba zaidi ukingoni, na nilipoiinua kwenye mwanga niliona kijiutando cha mpira kikiwa bado kimening'inia ndani ya tundu dogo. Niliifunga ili niwe na haki ya kusema. Vali ilichukua muda mrefu mno kujifunga baada ya taima kuzima, na kwenye kinyunyizio cha chini kabisa matone hayakukoma. Nilipoirudisha ile halisi, matone yalikoma. Tofauti ya bei kati ya hizo mbili haitoshi kununua chakula cha mchana, kwa hiyo sioni sababu ya mtu kuifuata ile ya bei ya chini kwa kitu ambacho kitafukiwa ardhini na kutegemewa kila wiki.

Kufunga kwenyewe kunataka utulivu. Springi isimame wima katikati, kifuniko kishuke kikielekea upande uleule wa kwenye picha, na skrubu zikazwe kwa kukingamisha: moja, kisha ile inayoikabili, halafu nyingine mbili, kidogo kidogo, mpaka zote ziwe imara. Usitumie mashine ya kukazia. Nyumba za skrubu hizi ni za plastiki na zikiliwa hazina tiba. Fungua koki kuu polepole. Vali itapitisha maji kwa muda mfupi wakati chumba cha juu kinajaa, kisha itajifunga, na watu wengi hushtuka katika nukta hizo wakidhani wamefanya kazi bure. Ifungue kwa skrubu ya mkono ili hewa itoke, uifunge, kisha uiwashe kwa taima. Baada ya taima kuzima, vali huchukua sekunde kadhaa kujifunga, na hiyo ni afya, kwa kuwa vali inayofunga kwa ghafla hugonga mabomba.

Mama mmoja jirani yetu, mzaliwa wa Uvira, alikuja akanikuta nikiwa kwenye tope na kuniuliza, "Kaka, ni lazima nami nichimbe bomba lote? Wameniambia hivyo." Nilimjibu, "Hapana, mama. Kwanza tutazame ndani." Tulipokwenda kwake, vali yake haikuwa na mpira mbovu hata kidogo, mwili wake ulikuwa na ufa wa kutoka upande hadi upande, na maji yalikuwa yakitoka nje ya vali na kujaza boksi. Ufa wa namna hiyo mara nyingi husababishwa na maji yaliyoganda ndani, na baridi kali ya Februari 2021 ilipasua mabomba na vifaa vingi vya maji katika jimbo hili. Kwake yeye, kampuni iliyomwambia akate bomba ilisema kweli. Nalitaja hili ili mtu asiitazame diaframu hii kama dawa ya kila ugonjwa: inaponya uvujaji wa ndani, yaani maji yanayopita kwenda kwenye vinyunyizio wakati hayatakiwi, na pia ule wa kwenye ukingo wa kifuniko pale mpira unapokuwa umechoka. Haiponyi mwili uliopasuka, kikalio kilicholiwa, wala kifuniko kilichojikunja.

Mipaka mingine ya kipuri hiki ni ya kawaida lakini ni vizuri ijulikane. Nilichonunua kilikuwa diaframu peke yake. Springi ya zamani niliisafisha na kuirudisha, na oringi ya solenoidi ni ya kutafutwa kando ikiwa imekatika. PGV hutengenezwa kwa ukubwa wa inchi 1, inchi 1½ na inchi 2, na diaframu ya ukubwa mmoja haiingii kwenye mwingine. Ipo pia PGV ambayo kifuniko chake hufungwa kwa kuzungushwa kama cha chupa, bila skrubu. Kwa hiyo usinunue kwa kubahatisha kutokana na tangazo. Chukua ile ya zamani, iweke juu ya kaunta ya duka, na umwambie muuzaji unataka inayolingana nayo kwa upana, kwa ukingo na kwa mahali tundu lilipo.

Upo uamuzi mmoja ambao, kwa maoni yangu, unaweza kuwa bora kuliko kununua diaframu pekee. Vali nzima mpya ya aina ileile ya inchi moja, katika maduka niliyopita, haikuzidi bei ya diaframu kwa tofauti kubwa sana. Ukiinunua, huna haja ya kukata bomba ili kuifaidi: unaifungua mezani, unatoa kifuniko, springi, diaframu na solenoidi yake, na kuvihamishia vyote kwenye mwili wa zamani uliokwishaunganishwa ardhini. Kwa njia hiyo unapata kila kitu kipya isipokuwa plastiki iliyogundishwa kwenye bomba. Kama solenoidi yako nayo ina dalili za kuchoka, hii ndiyo njia ninayoipendekeza. Solenoidi hupimwa kwa multimita baada ya kuitenganisha na waya: nyingi za volti 24 husoma kati ya omu 20 na 60, ikisoma sifuri au karibu yake imeungana ndani, na isiposoma kitu imekatika.

Kuhusu waya, umeme huu ni wa volti 24 za mkondo geu, kwa hiyo waya mbili za solenoidi hazina upande wa kulia na wa kushoto. Mojawapo huungwa kwenye waya wa pamoja, ambao kwa desturi ni mweupe, na nyingine kwenye waya wa kanda. Usizifunge kwa tepu ya umeme. Nunua viunganishi vya kuzuia maji vilivyojazwa jeli, kwa sababu boksi la vali hujaa maji kila mvua ikinyesha, na shaba ikiota kutu ya kijani utakuwa unarudi humo kwa sababu nyingine.

Wenye vali za kampuni nyingine hawana haja ya kujiona wametengwa. Hunter ilianzishwa mwaka 1981 huko San Marcos, California. Rain Bird ni ya zamani zaidi, ya mwaka 1933 huko Glendora katika jimbo hilohilo. Toro na Irritrol nazo zimo katika nyua nyingi za hapa. Zote zina vali zinazofunguliwa kutoka juu na zote huuza vipuri vya ndani, na hatua nilizozieleza ni zilezile, isipokuwa idadi ya skrubu na umbo la mpira. Jina la kampuni huwa limechapwa juu ya kifuniko. Ukilisugua tope kwa kitambaa utalisoma.

Wako wasomaji watakaotaka kuzituma vali hizi nyumbani, Arusha au Nakuru, wakiona bei zake hapa. Solenoidi yake hufanya kazi pia kwa umeme wa hezi 50, mradi kuwe na transfoma ya kushusha hadi volti 24, kwa hiyo kikwazo hakipo hapo. Kikwazo ni presha. Vali ya aina hii inataka angalau PSI 20 (pauni 20 kwa kila inchi ya mraba), karibu bar 1.4, ili mpira ukandamizwe sawasawa, na tangi lililo juu ya mnara hutoa takriban bar moja kwa kila meta 10 za kimo. Tangi la meta sita, kama yalivyo mengi nyumbani, halifiki hata nusu ya presha hiyo, na vali mpya kabisa iliyofungwa kwenye mfumo huo itavuja kama mbovu ingawa haina kasoro yoyote. Penye pampu itafaa, pamoja na chujio mbele yake ikiwa maji ni ya kisima. Pasipo na pampu, koki ya kuzungusha kwa mkono, au vali ya tufe inayozungushwa na mota, ndiyo ya kununua.